Swali la Mwoka Mikate

Hivi wewe, mtu akikusifia chakula ambacho hajakionja, unamshukuru au unamwangalia usoni kwanza? Mimi namwangalia. Mjukuu wangu alishukuru, tena mara arobaini.

Tunamwita Wino, maana tangu darasa la kwanza hajawahi kurudi nyumbani na vidole safi. Kila siku akitoka shule huvua viatu mlangoni, hunywa kikombe kizima cha maji bila kupumua, kisha hukaa kwenye kigoda karibu na cherehani yangu na kunitazama nikikata nguo. Mimi ni fundi. Chumba changu cha mbele kina meza ya kukatia, pasi, kioo chenye ufa na kapu la vipande vya vitambaa ambavyo sivitupi hata nikisemwa.

Muhula ule mwalimu wao wa kompyuta alimwambia kila mwanafunzi afungue blogu, yaani ukurasa wake mwenyewe mtandaoni, na aandike jambo analolijua. Atakayepata maoni mengi zaidi ya wasomaji angesoma ukurasa wake mbele ya wazazi siku ya mkutano. Maskini mwalimu, alidhani atapata wasomaji. Alipata wapiga kura.

Wino aliita blogu yake "Mkasi wa Bibi". Andiko lake la kwanza lilieleza jinsi ya kukata sketi ya shule ya vipande vinne. Jioni ileile aliniletea simu ya zamani ya mama yake.

"Bibi, soma kidogo."

"Baadaye, mwanangu. Namalizia upindo."

Kesho yake akaja tena. Nikamwambia angoje nitunge uzi kwenye sindano. Siku ya tatu hakuja.

Alikwenda kwa rafiki yake, msichana mrefu wa darasa lao wanayemwita Mlingoti. Huyo alikuwa na mpango tayari.

"Wewe andika kwangu, mimi naandika kwako," Mlingoti alimwambia. "Tukiwa kundi zima, wote tunapanda."

"Lakini sijasoma ya kwako."

"Nani amekwambia usome? Andika 'safi sana', songa mbele."

Basi wakasonga mbele. Maoni hayo nimeyasoma baadaye yote, na miwani niliifuta mara mbili nikidhani ndiyo yenye makosa. "Safi sana." "Safi sana dada." "Umetisha." "Nimejifunza mengi." Mengi yapi? Huyo aliyejifunza mengi hajui kushona hata kifungo, shati lake la shule limefungwa kwa pini mpaka leo. Mwingine aliandika "Hongera kwa goli", nadhani alikuwa anaelekea blogu ya mpira akapotea njia. Na mmoja aliweka picha ya kidole gumba. Kidole! Mtu amekaa ameandika ukurasa mzima, wewe unamwonyesha kidole.

Yalipofika arobaini, yakaja ya arobaini na moja, kutoka kwa mtu aliyejiita Baba Mtoto. Aliandika: "Nimekata juu ya mstari wa chaki kama ulivyoelekeza. Nimeshona kwa mkono. Sketi haimwingii mtoto. Nimekosea wapi?"

Wino aliyasoma wakiwa uani na Mlingoti.

"Huyu anakuchafulia ukurasa," Mlingoti akasema. "Mjibu."

Wino akamjibu: "Kama mkasi unakushinda, mpelekee fundi. Hapa si chekechea."

Loo! Kundi zima likaja kucheka. Kabla jua halijazama maoni yalikuwa sitini na tatu, na Wino akawa anaongoza darasa lote. Usiku alikula akitabasamu peke yake. Nilimuuliza kuna nini, akaniambia, "Watu wananisoma, Bibi." Nikamwambia vizuri, nikaendelea kuchambua maharage. Na mimi nilikuwa mmoja wao, ila sikuweka kidole tu.

Jumamosi asubuhi aliingia mwoka mikate wa duka la kona, bado ana unga kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu kiti."

Alitoa sketi ya buluu kwenye mfuko wa plastiki, akaiweka mezani taratibu kama mtu aliyeleta mgonjwa. Niliigeuza ndani nje. Ilishonwa kwa mkono, mishono midogo, iliyonyooka, ya mtu aliyekaa na kazi yake bila haraka. Lakini ilikuwa nyembamba kama mfuko wa mto.

"Nani amekukatia?"

"Mwenyewe. Binti yangu Jumatatu anaingia shule mpya, nikataka aende na kitu nilichomshonea mimi. Nikaona blogu moja ya mtoto, 'Mkasi wa Bibi', imesifiwa na watu wengi, nikafuata. Nilipouliza nimekosea wapi, wakanicheka." Akajaribu kucheka na yeye. "Labda niliuliza vibaya."

Nyuma yangu Wino alikuwa anapiga pasi shati la mteja. Nilisikia harufu kabla sijageuka.

"Wino, inua pasi," nikasema. "Halafu lete simu."

Nilisoma mbele yao wote wawili, kidole changu chini ya kila neno. Nikafika pale palipoandikwa: "Kata juu ya mstari wa chaki." Nikavua miwani.

Sasa elewa. Mimi huchora mstari, kisha nakata nje yake, upana wa kidole kimoja, ili mshono upate pa kukaa. Sichori hicho kidole wala sikitaji, mkono wenyewe unajua. Wino alitazama chaki, hakutazama mkasi. Vipande vinne, kila kimoja kina pande mbili za kushonwa: vidole vinane vimeliwa, na mtoto anaingiaje hapo?

"Hukukosea," nikamwambia mwoka mikate. "Umefuata neno kwa neno. Watu arobaini wamesifu maelezo ambayo hayatoi sketi, na wewe peke yako umeshika mkasi. Aliyekosea ni aliyeandika, na nyuma yake yuko aliyeombwa asome mara mbili akaona upindo ndio una maana zaidi."

Wino alikuwa ameweka pasi chini. Sauti ilimtoka kidogo kidogo.

"Ni mimi, baba. Mimi ndiye niliyekujibu vile. Naomba unisamehe."

Mwoka mikate alifuta unga kwenye nyusi.

"Ndiyo wewe wa chekechea? Haya, mwalimu. Mwanafunzi wako nimekuja, nifundishe."

Wino alifumua mishono ya pembeni mmoja baada ya mwingine, asitoboe kitambaa. Mimi nikatafuta kwenye kapu buluu inayolingana. Nilikata, safari hii Wino akitazama mkono wangu, vipande viwili vya upana wa vidole sita kila kimoja: vinne vya kuonekana, viwili vya mshono. Mwoka mikate alivishona mwenyewe, kimoja kila ubavu, na Wino akamshikia kitambaa akimweleza kila hatua.

Alasiri ile alifuta ile jeuri yake na vicheko vyote vilivyofuata. Juu kabisa ya ukurasa akaandika kosa lake na jinsi ya kulirekebisha, akaomba radhi. Mlingoti alikuja mbio mpaka mlangoni.

"Umefuta ishirini na mbili! Una akili kweli? Ijumaa hutasoma!"

"Najua."

"Sasa watu watajua umekosea!"

"Si nimekosea kweli?"

Mlingoti akaondoka bila hata kunisalimu.

Ijumaa, siku ya mkutano, Mlingoti ndiye aliyesoma. Alikwama katikati mara mbili, ungedhani ukurasa wenyewe anauona kwa mara ya kwanza. Wazazi wakapiga makofi kama watu wanaoua mbu. Wino alikaa karibu nami, mikono mapajani, macho chini.

Tuliporudi nyumbani simu ikalia. Yalikuwa maoni ya Baba Mtoto: "Ameivaa wiki nzima. Anavipenda vile vipande vya ubavuni kuliko sketi yenyewe. Sasa niambie, mkono wa blauzi unaanza kukatwa wapi?"

Wino aliyasoma kwa sauti, akayarudia.

"Mjukuu wangu," nikamwambia, "wale arobaini walitaka uwalipe sifa kwa sifa. Ungeandika sketi ishonwe kwa uji, wangesema safi sana. Huyu alikuuliza kwa sababu alifanya ulichosema. Ukiandika, mwandikie mtu wa namna hii, sema kweli yote, na akikuuliza mheshimu. Wasomaji wako watakuwa wachache, lakini watakuwa wasomaji."

Akasugua wino kwenye kidole chake, akaanza kuandika jibu la blauzi kwenye simu. Mimi nikasogeza kiti, nikavaa miwani, nikanyoosha mkono.

"Lete hilo la blauzi nilisome kabla hujaliweka."

Hakunipa simu mara moja. Aliikumbatia kifuani, akaniangalia.

"Bibi," akasema, "mimi tangu siku ya kwanza nilikuwa nataka usome wewe."