Jaribu Tena

Kisa hiki nimepewa na shangazi wa binti mmoja mshonaji, Jumapili iliyopita, tukikunja mashuka. Duka ni lake, king'ora ni chake, kwa hiyo kama kuna chumvi iliyozidi, ni yake pia.

Fundi wa ving'ora alifika duka limefurika maharusi waliokuja kupimwa. Simu za waya, zilizokuwa zikipeleka habari za wizi kwa walinzi, zilikuwa zinaondolewa mji mzima. Mahali pake akafunga kisanduku cha king'ora chenye laini ya simu ya mkononi, kinachopokea amri kwa ujumbe. Kazi ya saa moja ikamchukua siku tatu.

"Hicho kinasikia kweli?" mshonaji akauliza, tepu shingoni, gauni la kijani limemkaa sawasawa.

"Kinasikia kuliko wewe. Nimekuomba namba tangu juzi."

Akampa. Fundi akaingiza namba mbili kwa mpigo, ya binti na ya kisanduku, macho yakiwa kwenye gauni.

Jioni akaandika: "Umefika salama, mrembo?"

Jibu likaja: "Amri haijulikani. Jaribu tena."

Akacheka peke yake. Binti ana maringo huyu. Akajaribu tena. "Nimekukosa." Amri haijulikani. "Nakuwaza mpaka nakosea nyaya." Jaribu tena. Akipiga, inakatika. Kwenda dukani, kiburi kikamzuia. Mwezi ukaisha hivyo, na uzalendo ukamshinda.

"Washa simu tuongee," akaandika Alhamisi mchana. "Nimechoka."

"Amri imekubaliwa."

Hajamaliza kutabasamu, simu ya ofisi ikalia. Alikuwa mshonaji, anapiga kelele juu ya kelele. "Yuko wapi huyo fundi wenu? King'ora kimejiwasha chenyewe, bibi harusi wangu amekimbia na gauni lingali na pini."

Fundi alimkuta juu ya stuli, anakichapa kisanduku kwa ufagio. Akakizima.

"Mwezi mzima," mshonaji akasema. "Namba yangu uliichukua ya nini?"

"Nimekuandikia kila siku. Wewe ndiye unanijibu kama serikali."

Mshonaji akamnyang'anya simu. Akasoma, akatazama namba iliyobandikwa kwenye kisanduku, akasoma tena. Kisha akaketi juu ya vitambaa, akacheka mpaka wanja ukamchuruzika.

"Baba wee, umetongoza mtambo."

"Nao umenikataa mara arobaini."

"Una adabu huo. Mimi nimekaa mwezi nakutukana kimoyomoyo."

Shangazi, aliyeziba masikio kwa pamba, akaitoa sikio moja. "Kijana, kama una neno, liseme kwa mdomo. Masikio yangu hayawezi king'ora cha pili."

Fundi akavua kofia. "Nataka kukuoa."

"Amri haijulikani," mshonaji akasema. "Jaribu tena."

Akajaribu tena, safari hii akamwita kwa jina lake.

Mshonaji alishusha tepu shingoni, akamgeuza, akampima mabega.

"Arobaini na saba. Shangazi, andika. Koti la harusi."

Shangazi akaandika, akarudisha pamba sikioni, akajinyoosha juu ya majora ya hariri. Wale wawili bado wanabishana rangi ya koti, yeye usingizi ukamchukua.