Mapigo Ishirini ya Kimya

Kilichoanza kwenda kombo ni kiti. Waongo huanza hadithi za majini kwa mlango kugongwa. Hii ilianza na kiti cha plastiki, safu ya pili, kilichokutwa na joto asubuhi ilhali hakijakaliwa tangu msiba.

Kilikuwa cha mpiga filimbi wa okestra, aliyekufa kwa kifua. Mumewe, mtunzi waliyemwita Bwana Nota, alikuwa akitunga muziki kutokana na ngano ya kale: malkia ameshuka kuzimu, mumewe kaacha mlango wazi ili arudi. Mtunzi alipofika kwenye sehemu ya mlango, akaandika mapigo ishirini ya kimya, okestra nzima isilie. Halafu akafanya kosa ambalo seremala, mjuzi wa milango, asingelifanya hata akilewa chakari: akanakili karatasi ya filimbi, akaiweka mbele ya kiti cha marehemu.

Mazoezi yalikuwa saa nane, jua limejaa madirishani. Wakahesabu kimya. Pigo la tano, filimbi ikalia.

"Nani huyo?" mpiga ngoma akanong'ona.

"Nyamaza, we! Hesabu!"

Ikalia tamu, ikapanda, na harufu ya dawa ya kifua aliyokuwa akijipaka marehemu ikatambaa safu kwa safu mpaka wapiga fidla wakaziba pua, na Bwana Nota, badala ya kukimbia kama watu wenye akili, akafumba macho akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Kesho yake akarefusha kimya kikawa mapigo arobaini. Wiki ikaisha, mia moja. Filimbi ilivyozidi nguvu, ndivyo naye alivyozidi kuhema, midomo ikimgeuka rangi ya jivu.

Wakamwita mkwewe, mama wa marehemu, mganga asiye na maneno mengi. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu alivuta pumzi kama mvukuto wa mhunzi kabla ya kupuliza. Si mlikuwa mkimtania?"

"Tulimtania, mama," akajibu Bwana Nota.

"Huyu havuti. Anapuliza kwa pumzi zako. Mlango ukiachwa wazi hauchagui mgeni, baba. Uzibe."

"Nikiuziba, mama, yeye atapitia wapi?"

Bibi akamsogelea. Kisha akamtia kalamu mkononi. "Mimi ndiye niliyemzaa. Andika."

Akaandika ngoma juu ya kimya chote, machozi yakichafua wino.

Siku iliyofuata ngoma zikanguruma. Filimbi ikapiga ukelele mmoja, karatasi ikajikunja, harufu ikakatika. Bwana Nota akapumua mpaka mbavuni.

"Jini nimelitoa kwa fimbo mbili tu," mpiga ngoma akajigamba. "Waganga watafute kazi nyingine!"

Wakacheka. Kicheko kikaisha, ukumbi ukatulia, na kutoka kwenye kiti kile cha safu ya pili wote wakasikia pumzi ikivutwa kwa nguvu, kama mvukuto, pumzi ya mtu anayejiandaa kupuliza.

Mtunzi akamgeukia mkwewe. Bibi alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Bwana Nota akapekua karatasi, ukurasa hadi ukurasa. Haikubaki nafasi hata ya pigo moja la kimya.