Theluji Iliyobaki Korongoni

Kila Jumamosi asubuhi Arlène alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kufagia saluni ya mama yake, Mama Marthe, iliyokuwa kando ya barabara ya Jules Street huko Malvern, Johannesburg. Ilikuwa kazi isiyo na mwisho, kwa maana kabla hajamaliza chini ya kiti cha kwanza, nywele zilikuwa zimeshajaa tena chini ya kiti cha tatu. Ya pili ilikuwa kupiga simu milimani. Hiyo aliipenda zaidi kwa sababu ilimfanya ajione mkubwa, ingawa alikuwa na miaka kumi na miwili tu.

Katika mtaa wao, wazazi wengi walitoka Kongo, Tanzania au Burundi, lakini watoto wao walizaliwa Johannesburg. Wazazi walijua Kizulu cha kuulizia njia na kununulia nyanya, basi. Watoto walikizungumza shuleni na barabarani siku nzima. Kwa hiyo likitokea jambo la kuongea na mwenye nyumba, fundi bomba au nesi, mtoto ndiye aliyeitwa. Alichokisema mtoto ndicho kilichoaminiwa, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kukihakikisha.

Mwaka huo fundi cherehani Burhani, mtu wa Tanga ambaye duka lake lilipakana na saluni, alijitolea kuwapeleka watoto tisa wa mtaa kwenye milima ya Drakensberg. Wangekaa siku tatu mwishoni mwa Oktoba, joto linapoanza, wakibeba mahema na chakula chao mgongoni. Ujanani aliwahi kubeba mizigo ya watalii Kilimanjaro, na hakuchoka kuwakumbusha watu. Mabegi yote aliyashona mwenyewe kwa turubai. Hata ramani aliichora mwenyewe, kwa chaki ya fundi, juu ya karatasi ya kahawia anayokatia violezo vya suti. Watoto wote walimwita Mjomba.

Kulikuwa na tatizo moja. Njia ya kupanda juu kabisa ilipita ndani ya korongo jembamba, na mwishoni mwa Septemba theluji nyingi ilikuwa imeanguka milimani. Simu ya Mjomba Burhani ilitabiri jua na mvua, lakini haikujua kilichobaki katikati ya miamba. Aliyejua ni Baba Mbhele, mlinzi wa kambi iliyo chini ya korongo lile, mzee aliyezungumza Kizulu tu. Ndiyo maana Arlène alipewa kazi ya kumpigia kila Jumamosi saa nne.

Jumamosi ya kwanza Baba Mbhele alisema theluji ilimfika mtu mzima kiunoni. Alieleza kwamba korongo limeelekea kusini na jua haliligusi sana. Jumamosi ya pili alisema imeshuka hadi magotini. Arlène alizipeleka habari zote mbili dukani kama alivyozisikia, na kila mara watoto waliguna. Mara ya pili Mjomba aliongeza kwamba theluji isipokwisha watapita njia ya chini, kando ya mto, na kileleni hawatafika. Hapo Zuhura, rafiki mkubwa wa Arlène, alimkazia macho kana kwamba yeye ndiye aliyeileta theluji ile. Wengine wakaanza kumwita Mama Theluji. Arlène alicheka nao, lakini moyoni iliuma.

Jumamosi ya tatu, ya mwisho kabla ya safari, simu iliita weee bila kupokelewa. Alijaribu tena, ikawa vilevile. Angeweza kujaribu saa tano, au jioni, au Jumapili. Badala yake alisimama mlangoni mwa saluni akalitazama jua la Johannesburg lilivyokuwa likichoma lami. Hata barafu ya kwenye maji ya wateja iliyeyuka kabla mteja hajamaliza kusukwa. Alijiambia kwamba hakuna theluji inayoweza kuvumilia joto la namna hii wiki nzima.

Aliingia dukani. Watoto wote walikuwa wamekwishafika, wamekaa juu ya mabunda ya vitambaa, wakimngoja yeye.

"Baba Mbhele anasemaje?" Mjomba Burhani aliuliza.

"Anasema imekwisha, Mjomba. Njia iko wazi."

Mtu angedhani timu yao imefunga bao. Zuhura alimkumbatia. Elisée, mdogo wake Arlène mwenye miaka kumi, aliruka juu ya meza na kushushwa kwa sikio. Mjomba Burhani alichukua chaki akachora mstari wa kupanda korongoni, kisha akafuta makoti mazito kwenye orodha ya mizigo ili mabegi ya wadogo yawe mepesi. Arlène aliutazama ule mstari na furaha yake ikapungua kidogo, lakini alinyamaza.

Siku tano alitembea na uongo ule. Jumatatu alijipa moyo kwamba pengine ni kweli. Jumanne alisahau kabisa. Jumatano alasiri mawingu meusi yalijikusanya ghafla, kama kawaida ya msimu huo, na mvua ya mawe ikaipiga Malvern kwa robo saa. Mawe yalivingirika kutoka kwenye paa la saluni na kurundikana uani, nyuma ya ukuta mrefu. Kisha jua likatoka tena.

Alhamisi, siku moja kabla ya kuondoka, Arlène alirudi kutoka shuleni akiwa ametota jasho. Barabara ilikuwa kavu na kulikuwa na vumbi, kama vile mvua haikunyesha kamwe. Elisée alitangulia uani kuchota maji, na mara Arlène akasikia kishindo. Mtoto alikuwa amekaa chini, anacheka, ndoo imeviringika kule. Kwenye kona ya kivuli, nyuma ya ukuta, rundo la mawe ya jana lilikuwa bado lipo. Lilikuwa limeshikana na kuwa gumu na telezi, na Elisée alikuwa amelikanyaga.

"Tazama, yaya," alisema, kwa kuwa ndivyo Wakongo wanavyomwita dada mkubwa. "Jua lote lile na bado ni barafu."

Arlène hakucheka. Alimwona mdogo wake akiteleza vilevile, lakini si uani. Alimwona akiwa na begi mgongoni, juu ya korongo, bila kitu cha kushika. Alimwinua Elisée, akamfuta makalio, akaenda moja kwa moja dukani kabla hajapata muda wa kujibembeleza.

Mjomba Burhani alikuwa anakaza mikanda ya begi la mwisho. Arlène alimwamkia, akamweleza yote bila kupumzika: simu haikupokelewa, hakupiga tena, na maneno ya Baba Mbhele aliyabuni yeye mwenyewe kwa sababu alichoka kuitwa Mama Theluji. Alipomaliza alikuwa analia. Fundi aliweka sindano chini na kuitazama ramani yake. Arlène alitamani bora angemfokea.

Mwishowe Mjomba aliisukuma simu yake mezani. "Piga sasa hivi. Weka sauti nisikie, na uniambie neno kwa neno."

Safari hii Baba Mbhele alipokea haraka. Jumamosi alikuwa bondeni akitafuta ng'ombe wake na alikuwa ameiacha simu nyumbani. Alizungumza polepole, na baada ya kila sentensi Arlène aligeuka akaitafsiri. Sehemu ya juu ya korongo bado ilikuwa na theluji ya kufika magotini. Mchana maji hupita chini yake, usiku huganda, na asubuhi inakuwa kama kioo. Juzi vijana wawili wenye viatu vya meno ya chuma walijaribu kupanda, wakarudi. Kisha mzee akasema jambo la mwisho.

"Anasema nini?" Mjomba aliuliza.

"Anasema, eish, msiwalete watoto kule juu. Waje mtoni. Kuna pango kavu la kulala, na atatuwashia moto."

Mjomba Burhani alitoa pumzi ndefu na kujifuta uso kwa kipande cha kitambaa. Aliinuka, akaufuta ule mstari wa korongoni, akaanza kuchora mwingine kando ya mto. Alimwambia Arlène awaeleze jioni ile ile wenzake na wazazi wao, yeye mwenyewe, kwa mdomo wake.

Haikuwa rahisi. Zuhura alinuna. Baba yake Zuhura, ambaye ndiye angeendesha kombi ya kuwapeleka, alitikisa kichwa akasema hajui kama awe na hasira au ashukuru. Mama Marthe alimshika binti yake mabegani, akamtazama sana, kisha akamwambia arudishe makoti yote kwenye mabegi.

Ijumaa walisafiri. Jumamosi saa sita mchana walikuwa wamekaa kando ya mto, wanakula mkate na samaki wa kopo, miguu imo ndani ya maji baridi. Mbali juu yao korongo lilionekana wazi, na katikati yake ukanda mweupe ulimeremeta. Ghafla ulisikika mngurumo, kama lori linalomwaga kokoto. Kipande kikubwa cha theluji kilikatika, kikaporomoka na mawe yake hadi chini. Kwa ratiba ya zamani, saa ile wangekuwa pale pale.

Zuhura alisogea akamshika Arlène mkono, na kununa kwake kukaishia hapo. Elisée aliendelea kutafuna, macho yamemtoka. Arlène alihesabu vichwa vya wenzake kimoja kimoja, wote wanane, na akajisikia mwepesi kama aliyetuliwa mzigo wa wiki nzima.

"Sikilizeni," alisema Mjomba Burhani. "Mleta habari si mwenye kuileta theluji. Mliguna, mkampa mtoto jina la utani, na yeye akaogopa kutuudhi, akatupa habari tamu. Mimi nikaikata safari nzima kwa kipimo cha uongo. Anayesema kwa niaba ya wengine ameishika miguu yao. Aseme ilivyo, hata tukinuna. Na sisi tujifunze kumsikiliza bila kumfanya ajute."

Arlène aliinamisha kichwa. Alimwomba Mjomba amchague mtu mwingine wa kupiga simu kwa ajili ya safari nyingine iliyopangwa Desemba.

"Hapana," alisema Mjomba, akimkatia kipande kingine cha mkate. "Utapiga wewe. Alhamisi uliniletea habari mbaya kuliko zote, na uliileta mwenyewe kwa miguu yako."