Barua Aliyosomewa Mayu Mbuke

Haya yalimpata Donatus, fundi kompyuta wa Nyasubi, pale Kahama, na wala hayakumpata usiku. Ilikuwa Alhamisi, saa tano asubuhi, jua limewaka. Mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa inanguruma, na vumbi la pumba linaingia mpaka mezani kwake. Alikuwa anamalizia chapati na chai ya rangi huku redio ikiongea peke yake, mara bajaji ikasimama mlangoni. Akashuka mama mmoja amekumbatia kompyuta ya mezani iliyofungwa kwa kanga.

"Za kazi, fundi." Alijitambulisha kuwa anaitwa Paskazia, mwalimu wa chekechea. "Hii nimeinunua mtumba. Ukiwasha, feni inazunguka, taa inawaka, ila kioo giza tupu. Nimebadilisha waya, wapi!"

"Monita umeijaribu kwenye kompyuta nyingine?"

"Nimeijaribu. Inaonyesha vizuri tu."

"Basi tatizo liko kwenye hili boksi. Niachie, mwalimu. Upitie jioni."

Donatus alikuwa ameshatengeneza makumi ya mashine za namna hiyo. Alifungua mfuniko, akapuliza vumbi, akachomoa RAM, kile kibao cha kumbukumbu, na kuisugua kwa kifutio cha penseli mpaka meno yake ya shaba yakang'aa. Akairudisha. Akawasha. Mashine ikalia mara moja, mlio mfupi, ule wa mashine nzima isiyo na hitilafu. Kioo kikabaki cheusi.

Akatoa betri ile ndogo ya duara, akasubiri, akairudisha. Cheusi. Akaunganisha monita yake mwenyewe, ile anayoitumia kila siku kwa majaribio. Cheusi vilevile. Akabonyeza kitufe cha herufi kubwa, na kitaa cha kibodi kikawaka mara moja. Kwa hiyo mashine ilikuwa inasikia, inafanya kazi zake zote. Ila haikutaka kuonyesha.

Akainama aangalie pawasapulai, kile kiboksi cha kugawa umeme ndani. Hapo ndipo alipoona maandishi ya kalamu ya wino mzito, yamefifia lakini yanasomeka: DONA.

Ulikuwa mwandiko wake.

Akakaa chini taratibu. Kompyuta hii aliijua. Miaka kumi na minne nyuma, kabla hajahamia Kahama, alikuwa kijana wa steshenari kule Buseresere, na hii ndiyo aliyokuwa akichapia barua za watu. Maombi ya kazi, mialiko ya harusi, mikataba ya mashamba. Na barua moja ambayo hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata mke wake.

Barua hiyo aliiagiza mwanamume mmoja anayeitwa Eliya. Mtoto wa Eliya alikuwa amefariki kwa homa, na Eliya alikuwa ameshampata mwenye kosa: shangazi yake, Mbuke, kikongwe aliyeishi jirani naye. Macho ya Mbuke yalikuwa mekundu kwa miaka mingi ya kupikia kuni kwenye nyumba isiyo na dirisha. Eliya alisema macho yale ni ya mchawi. Alikuja na karatasi imekunjwa, maneno yamepinda, akamwambia Donatus ayanyooshe.

Donatus angeweza kukataa. Hakukataa. Na si kwamba alinyoosha tu. Alikuwa kijana anayesifiwa kwa kuandika, na mistari ya Eliya ilikuwa butu. Akaongeza sentensi moja ya kwake mwishoni. Eliya aliposomewa alicheka, akampiga bega. "We Dona, una kipaji!"

Hilo lingetosha kumtesa mtu. Lakini siku mbili baadaye, Mbuke mwenyewe, ambaye wote walimwita mayu, yaani mama, aliingia steshenari, nywele zake nyeupe zinanukia samli, akaketi sakafuni ameegemea ukuta. Hakujua kusoma. Alifungua pindo la kitenge, akatoa karatasi ileile.

"Mwangaluka, ng'wanone," alimsalimia kwa Kisukuma: umeamkaje, mwanangu. "Nimeikuta chini ya mlango. Nisomee."

Donatus aliishika. Alijua kila herufi. Nje alimwona Eliya ameegemea baiskeli ng'ambo ya barabara, anatazama.

"Ni tangazo la mifugo, mayu," alisema. "Baada ya siku saba daktari atapita kuchanja mbuzi. Usiende mbali."

Lile *usiende mbali* aliliongeza mwenyewe, ili tangazo lisikike kweli. Bibi alimshukuru sana. Akaikunja karatasi vizuri, akairudisha kwenye pindo kama mtu anayetunza kitu chema.

Siku ya nane Buseresere iliamka kwa kilio: Mayu Mbuke ameuawa usiku. Eliya alikimbilia machimboni Geita, hakuonekana tena. Haukupita mwezi, Donatus naye akahama.

Sasa mashine ilikuwa mezani kwake, feni inazunguka. Akasema moyoni, nitamwambia mwalimu imekufa, haifai. Akanyoosha mkono aizime.

Umeme ukakatika.

Mashine ya kusaga ikafa kwa mlio mrefu. Redio ikanyamaza. Pangaboi la darini likapunguza mwendo, likasimama. Katika ukimya ule Donatus alisikia sauti moja tu.

Feni ya kompyuta. Bado inazunguka.

Akachomoa waya ukutani. Feni haikusimama. Akabaki ameshika waya mkononi, unaning'inia, na upepo wa vuguvugu kutoka kwenye mashine unampuliza kifuani.

Kuna jambo mafundi hufanya kioo kinapokuwa giza. Taa ya nyuma ya kioo ikifa, picha huwa ipo, ila haionekani, mpaka ukimulike kwa tochi. Donatus hakutaka kumulika chochote. Lakini mkono wake uliwasha tochi ya simu, ukaisogeza kwenye kioo.

Maneno yalikuwepo. Hafifu, ya kijivu, yanaonekana pale tu mwanga ulipogusa. Akasogeza tochi.

*Wewe Mbuke, tumekujua.*

Akaisogeza tena. *Mtoto wa watu umemmaliza wewe.* Mstari kwa mstari, vilevile alivyoichapa. Chini kabisa, penye nafasi tupu, kile kijistari cha kuandikia kilikuwa kinapepesa. Kikaanza kutembea. Herufi moja. Nyingine. Hakuna aliyegusa kibodi.

*Nisomee.*

Donatus alitaka kukimbia. Mlango ulikuwa wazi, jua liko palepale nje, watu wanapita na ndoo za maji, na yeye hakuweza kumwita hata mmoja.

"Mayu," alinong'ona. "Nisamehe, mayu."

*Nisomee.*

Akaanza kusoma. Sauti ilikuwa ndogo, inakatika. "Wewe Mbuke, tumekujua. Macho yako mekundu tumeyaona. Mtoto wa watu umemmaliza wewe. Tunakupa siku saba uhame." Akafika kwenye sentensi ya mwisho. Ile yake. Akairuka. "Basi. Imeishia hapo."

Kijistari kikapanda. Kikasimama mwanzo wa sentensi ile. Kikapepesa. Kikangoja.

Nyuma yake, chini karibu na ukuta, mtu alivuta pumzi. Pumzi ya mzee aliyechoka kutembea.

Hakugeuka. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye kidevu.

"Siku ya nane," alisoma, "atakayebisha hodi hatakuja kusalimia. Hii niliandika mimi, mayu. Eliya hakuisema. Ni mimi. Na hakukuwa na chanjo."

Feni ikasimama.

Muda gani ulipita, hajui. Umeme uliporudi, mashine ya kusaga ikaanza kunguruma, na alijikuta amesimama na tochi iwakayo mkononi. Akarudisha waya ukutani, akabonyeza kitufe. Kioo kikawaka, cheupe, safi, kama kompyuta yoyote.

Jioni Paskazia alifurahi. "Kumbe ilikuwa nini?"

Donatus alitaka kusema RAM. Ulimi ukagoma. "Sijui, mwalimu," alisema. "Ukweli ni kwamba sijui."

Jumamosi alipanda basi la kwenda Buseresere. Alimkuta Nyamizi, binti wa Mayu Mbuke, anapepeta mpunga uani. Alimwambia yote akiwa amesimama, kwa sababu hakuona haki ya kupokea kiti. Nyamizi aliacha kupepeta. Ungo ukabaki magotini.

"Kwa hiyo hakukuwa na chanjo," alisema.

"Hakukuwa."

"Dada alimwita akakae naye Biharamulo wiki ile. Mama akakataa. Akasema Dona wa steshenari kamsomea, asiende mbali." Alizungumza polepole, haangalii pembeni. "Siku ile tuliwafunga mbuzi wote kwenye nguzo. Alikaa nao mpaka giza, anamsubiri daktari. Alisema labda kachelewa, atapita kesho."

Donatus alipiga magoti. Nyamizi hakumwinua, wala hakumlaani.

"Msamaha sina," alisema. "Labda Mungu anao. Wewe nyanyuka, twende polisi, ukayaseme haya kwa jina lako na la Eliya."

Wakaenda. Donatus aliandika maelezo yake mwenyewe, kurasa tatu, na safari hii hakupamba neno. Alilala ndani siku nne, akatoka kwa dhamana. Jalada lilifunguliwa upya na Eliya anatafutwa. Kila mwezi Donatus anafunga ofisi, anapanda basi kwenda kuripoti, na bado hajui atafungwa ama la. Mke wake, Aneth, alimsikiliza usiku mzima, na mpaka leo akimpa chakula hamtazami usoni.

Ofisi ya Nyasubi ipo palepale. Ukiingia, tazama ukuta wa nyuma ya meza ya kazi, chini, kimo cha mtu aliyekaa sakafuni. Kuna doa la mafuta, mviringo, kama pale mtu anapoegemeza kichwa kwa muda mrefu. Lilionekana ile Alhamisi. Donatus amelipaka rangi mara tatu, na kila rangi ikikauka, doa linarudi, linanuka samli.

Mwezi uliopita aliligusa kwa kiganja. Ukuta mzima ulikuwa baridi. Pale penye doa palikuwa na joto, na unywele mmoja mweupe ulikuwa umenata.