Jasho Chini ya Marumaru

Jumanne, tarehe kumi na mbili Machi. Mvua ilinyesha kidogo alfajiri, ikaacha, na ilipofika saa mbili asubuhi jua lilikuwa limetoka na mabati yanafuka mvuke. Ndugu zangu, naanza na hali ya hewa kwa sababu habari hii ni ya maji, na anayetaka kuyajua maji hana budi kuyafuata tangu yanakotoka.

Nilifika nyumbani kwa Baba Pacha nimebeba nyundo, tindo, pimamaji na ndoo mbili. Mimi ni fundi wa sakafu. Watoto wa mtaani wananiita Gongagonga, kwa kuwa siingii chumba bila kugonga chini na kusikiliza. Palikuwa na utulivu. Wale pacha walikuwa shule, Mama Pacha alikuwa anafagia sebule, na Bibi, mama mzazi wa Baba Pacha, alikuwa uani akianika blanketi la bluu kwenye kamba.

"Umefua mapema, Bibi," nilimwambia. Kila mtu humwita Bibi, hata mimi mwenye mvi.

"Sijafua. Linaamka limelowa."

"Linalowa na nini?"

"Hilo utaniambia wewe uliye fundi."

Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu kilichomfanya ashike kamba kwa mikono miwili. Nilitaka kumwuliza zaidi, lakini Baba Pacha alitoka akifunga vifungo vya shati, akanishika mkono kunipeleka bafuni.

Bafu lile limepakana na chumba cha Bibi. Ukuta ni mmoja. Baba Pacha alinionyesha vigae vya zamani, vimepauka na kupasuka, kama mtu anayeonyesha kidonda.

"Fundi, hivi vyote viondoke. Nataka marumaru nyeupe, yenye mishipa ya kijivu. Na Jumamosi iwe tayari."

"Jumamosi hii?"

"Kazini tunatembeleana kwa zamu. Aliyetangulia ameweka marumaru bafuni. Siku ile watu tisa walikwenda bafuni, fundi. Tisa! Na wala hawakuwa wamekunywa maji mengi. Sasa zamu ni yangu. Waje wakute hivi?"

Nikacheka, naye akacheka, kazi ikaanza. Nilibandua vigae vyote, nikachonga gundi kuukuu kwa tindo, nikafagia mpaka sakafu ikabaki uchi.

Hapa niwaeleze jambo ambalo wengi hawalijui. Marumaru inaonekana jiwe la kiburi, kumbe ni jiwe lenye kiu. Chochote kilicho chini yake hukinywa, kisha hukionyesha usoni. Kwa hiyo kazi kubwa ya fundi ni ile ambayo hakuna mgeni atakayeisifu, yaani sakafu ya chini. Kwanza iwe ngumu, nami hugonga kila hatua. Palipo pazima hujibu kwa sauti fupi, palipo na uwazi huguna. Kisha iwe sawa, isiwe na mabonde, maana jiwe likikosa pa kuegemea hukatika. Tena ielekee shimo la kutolea maji. Humwaga kikombe kimoja na kutazama kinakimbilia wapi. Hayo yote mikono inaweza kuyarekebisha. Lakini lazima pia iwe kavu, na ukavu hauna mkato. Ni wa kusubiri tu.

Sakafu ya Baba Pacha ilijibu vizuri nilipoigonga. Ila kando ya ukuta wa chumba cha Bibi niliona doa jeusi, refu kama mkono. Nilikata kipande cha nailoni, nikakitandaza juu ya doa, nikakibandika kwa utepe pande zote nne hewa isipite. Kwenye kona moja nilikunja ncha ya utepe, iwe sikio la kuvutia kesho yake. Ndivyo nifanyavyo siku zote.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni akitazama.

"Unaifunika sakafu, ina homa?"

"Ndiyo naipima, Bibi. Kama kuna maji chini, kesho tutakuta jasho kwa ndani ya nailoni. Kama hakuna, itakuwa kavu."

"Alaa! Na ukuta nao unapimwa?"

"Unapimwa."

"Basi ukimaliza hapo, njoo unipimie wangu. Unatoa jasho kuliko mimi, na mimi ndiye mwenye miaka themanini."

Nikanyanyua mguu niende kuutazama. Baba Pacha akasema, "Fundi, mimi nimekuitia bafu. Mama, nimekwambia, wageni wakishaondoka tutautazama huo ukuta."

"Uliniambia hivyo kwa wageni wa mwaka jana," Bibi alijibu, bila hasira. "Naona wageni wako hawaishi."

Mguu wangu nikaurudisha chini. Nawaomba mkumbuke hilo mnaponisikia nikimsema mtu mwingine.

Jumatano asubuhi nilipiga magoti kitandani kwangu kama kawaida, nikamwomba Mungu anipe macho ya kuona. Alinipa. Nilipoingia bafuni, nailoni ilikuwa kavu kabisa. Lakini lile sikio la utepe halikuwepo. Kona zote nne zilikuwa zimebandikwa bapa, kwa uangalifu mkubwa, kama kazi ya mtu anayetaka kumwigiza fundi.

Baba Pacha alikuwa nyuma yangu. "Kavu, au siyo?"

"Kavu," nikasema.

"Basi twende kazi!"

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Nimejiuliza hata mimi. Mwenye nyumba alikuwa anatabasamu, marumaru ilikuwa imeegemezwa ukutani inang'aa, na kusema kweli nilitamani kuiona sakafuni. Nilijidanganya kwamba huenda joto ndilo lililobandika kona ile. Nilikuwa nimeomba macho, mdomo sikuuomba.

Nilipaka rangi nzito ya kuzuia maji juu ya sakafu yote. Alhamisi na Ijumaa nikapanga mawe, moja baada ya jingine, mshipa ukifuata mshipa. Yalipendeza. Mama Pacha alivua viatu kabla ya kuingia, akasema, "Humu mtu ataona haya kuoga."

Jumamosi wageni walikuja. Nasikia mmoja wao alikaa bafuni muda mrefu mpaka wenzake wakamgongea mlango: "Toka, au umepangisha humo?" Baba Pacha alicheka mpaka machozi. Bibi aliwasalimia akiwa mlangoni pa chumba chake, amejitanda blanketi, akarudi kulala. Mgeni mmoja aliuliza, "Mama anaumwa?" Akajibiwa kuwa ni uzee tu.

Zikapita wiki tatu. Siku moja mchana simu yangu ikalia.

"Fundi, umeniwekea mawe mabovu! Njoo uone aibu yako!"

Nilikwenda mbio. Kweli, kando ya ukuta ule mawe matatu yalikuwa yamegeuka rangi ya chai, na doa lilikuwa linatambaa kuelekea katikati. Niligonga. Yaliguna.

"Hujui kazi," Baba Pacha alisema. "Mtaa mzima wanakusifu bure."

Mama Pacha alikuwa amekaa sebuleni, mkoba mapajani, macho mekundu. "Baba Pacha, acha mawe," alisema. "Mama yako yuko hospitali tangu jana, anavuta pumzi kwa mashine. Daktari ameniuliza, mama huyu analala chumba gani?"

Niliposikia hivyo sikuomba ruhusa tena. Niliingia chumba cha Bibi, nikasogeza kitanda. Jamani! Ukuta ulikuwa umelowa kutoka chini mpaka usawa wa kiuno. Rangi ilikuwa imevimba kama malengelenge, na ukungu mweusi umeota kuanzia ukutani mpaka kwenye godoro, upande ule hasa anapoweka kichwa. Nilipobonyeza plasta kwa kidole, kidole kiliingia.

"Mbona haikuwa hivi?" Baba Pacha aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepungua.

Nikamweleza kama ninavyowaeleza ninyi. Maji hayafi. Zamani yalikuwa yanapanda taratibu kupitia sakafu ya bafu na kwenye nyufa za vigae vya kale, mengine yakienda ukutani, ndiyo sababu blanketi lilikuwa linalowa. Sisi tukaja tukaziba. Rangi niliyopaka ili maji ya juu yasishuke ilizuia na ya chini yasipande. Yakatafuta mlango mwingine, na mlango uliobaki ulikuwa mmoja, ukuta wa Bibi.

"Yaani marumaru ndiyo iliyoyasukuma kwake?"

"Marumaru haina kosa. Ila ile nailoni, Baba Pacha. Niliiacha na sikio."

Mama Pacha akamgeukia mumewe. "Sikio gani?"

"Niliibandua," Baba Pacha alisema. "Jioni ile fundi alipoondoka nilichungulia, nikakuta matone. Nikayafuta kwa leso. Nikawasha jiko la mkaa pale juu mpaka pakakauka, nikaibandika tena asubuhi kabla hajafika." Akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha mama yake. "Mama aliniona. Aliniuliza nafanya nini. Nikamwambia namsaidia fundi."

Ningeweza kuondoka pale nikiwa mshindi, ndugu zangu. Jina langu lilikuwa limesafishwa. Lakini moyo ulinichoma.

"Na mimi niliona," nikasema. "Niliona kona imebandikwa upya. Nikakaa kimya."

Mama Pacha alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Kwa hiyo aliyesema kweli humu ndani ni nailoni peke yake," alisema. "Na ninyi wawili mkaikatiza."

Jiwe la kwanza Baba Pacha alilibandua kwa mikono yake. Lilikatika kama biskuti. Tulivunja mpaka kwenye zege, nami nikachimba kufuata unyevu, sentimita kwa sentimita, kwa hamu ile ile niliyokuwa nayo siku ya kwanza: yanatoka wapi? Tulilikuta chini ya sinki, bomba lililozikwa sakafuni, kwenye maungio yake. Ufa wake ulikuwa mwembamba kuliko ukucha. Tone moja lilitoka, kimya, kisha tone jingine. Nilisali sala fupi nimepiga magoti kwenye kifusi, na kabla ya kumaliza yalikuwa yamedondoka saba. Usiku na mchana, zaidi ya mwaka. Kazi ya kulibadilisha bomba ilichukua asubuhi moja tu.

Kwa siku nne hatukujua kama Bibi angerudi. Baba Pacha alilala kwenye benchi la hospitali, nami kila jioni nilipita na kumwombea nikiwa dirishani. Siku ya tano walimwondolea mashine. Neno lake la kwanza, mkwewe ananiambia, lilikuwa, "Hawa wanaonipa hewa, na ukuta wanatengeneza?"

FUNZO

Wazazi wenzangu, vijana, na ninyi mafundi, msiseme habari hii ni ya bafu. Kuna nyumba nyingi ambazo mgeni wa saa mbili anatandikiwa jiwe la thamani, na mzazi wa miaka yote anaambiwa asubiri. Mzee akisema jambo mara ya pili, si kwamba amesahau kuwa alilisema. Anajua kwamba hatukusikia.

Kitu kilicholowa hakikauki kwa kufunikwa. Ukifuta dalili, ugonjwa unabaki na safari yake inaendelea, na mara nyingi unamfikia yule asiye na nguvu ya kusogeza kitanda chake. Uliza: haya maji yanatoka wapi? Inama, tazama, gonga. Swali hilo lingeulizwa na mtu mmoja tu kati yetu watatu, Bibi asingelala kwenye ukungu.

Nawe unayeona na kunyamaza ili kazi iende, usijifariji kwamba mkono wako haukushika leso. Mungu akikupa macho, ameshakudai na mdomo.

Bibi alirudi nyumbani siku ya kumi na moja, siku ya Jumamosi. Wale wafanyakazi wenzake Baba Pacha walikuja kumjulia hali, na walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza. Bibi alikuwa amelazwa katika chumba kikubwa cha mbele, alichokuwa akilala mwanawe na mkewe. Mmoja wa wageni akaomba kwenda bafuni, akarudi ameduwaa.

"Ndugu yetu, mbona mmebakiza zege tupu? Marumaru imekwenda wapi?"

Mama Pacha akatazama chini. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nikafikiri atasema fundi ameharibu. Nilikuwa tayari kuubeba mzigo huo. Lakini Baba Pacha alisimama, akawaeleza yote: zamu ya kutembeleana, doa, leso, jiko, ukuta. Hakuna aliyecheka. Hata yule aliyegongewa mlango siku ile alikuwa ameinamisha kichwa.

"Basi yaishe, mwanangu," Bibi alisema. "Nimekusamehe tangu hospitali."

"Nashukuru, Mama. Ila msamaha umenipa tukiwa wawili, na uongo niliufanya nikiwa peke yangu. Hili nalitaka lisikike." Akapiga magoti kando ya kitanda, akamshika mkono, na sauti yake ikajaa chumba.

"Mama, mbele ya mke wangu, mbele ya fundi na wenzangu hawa wote: chumba hiki ni chako. Na kuanzia leo, ukiniambia jambo, nitaacha nilichoshika, niinuke, nikatazame kwa macho yangu siku hiyo hiyo. Hutahitaji kuniambia mara ya pili. Nisipofanya hivyo, yeyote kati yenu aniulize."