Rekodi za Baba

Kila jioni Wavinya alipotoka shuleni, alifungua kufuli ya mlango, akabandika maji ya chai, kisha akawasha kompyuta kabla hata ya kuvua sare. Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya tatu karibu na Dagoretti Corner. Kelele za magari na wachuuzi zilipanda hadi dirishani, lakini ndani hamkuwa na mtu wa kumuuliza siku yake ilikuwaje. Mama yake, Syokau, alikuwa muuguzi katika hospitali moja huko Upper Hill. Mara nyingi alirudi akiwa hoi na kwenda moja kwa moja kulala.

Kompyuta ilikuwa ya baba. Ilikuwa ya zamani, sanduku lake zito na lenye mikwaruzo, na ilichukua muda mrefu kuwaka. Baba yake, Kitavi, alikuwa akifundisha kwaya kanisani. Kabla ya kufariki mwaka uliopita, alizoea kujirekodi akiimba besi ili waimbaji wake wajifunze. Katika rekodi hizo alikohoa, alicheka alipokosea, na mara kwa mara alisema, "Polepole hapo, msikimbie." Wavinya alizisikiliza akimenya viazi au akifanya hesabu. Hakuwahi kumwambia mama. Tangu mazishi, mama hakuwa akimtaja baba, na Wavinya aliogopa kumtonesha kidonda.

Siku moja stima ilipotea mtaa mzima. Iliporudi, Wavinya aliwasha kompyuta kama kawaida. Ilinguruma, kisha maandishi meupe yakatokea kwenye skrini nyeusi. Yalisema kwamba saa ya mashine haikuwa sawa, na kwamba haikupata diski ya kuanzia kazi. Aliizima, akaiwasha tena. Maneno yakawa yaleyale. Alichomoa nyaya zote nyuma ya sanduku, akazipuliza vumbi, akazirudisha. Bado.

Jioni hiyo alipika bila kusikia chochote ila mlio wa sufuria. Alikula akiwa amesimama, kwa sababu kukaa mezani peke yake kulimshinda.

Wiki nzima alijaribu. Usiku mama alipomuuliza, "Habari ya shule?" alijibu, "Nzuri, Mama," akajifunika blanketi. Shuleni alikuwa mkimya hadi Mungai, mwanafunzi mwenzake wa gredi ya saba, akamfuata uwanjani.

"Wavinya, niaje? Siku hizi huongei na mtu."

"Kompyuta yetu imekataa kuwaka. Inasema haioni diski."

"Hiyo ni rahisi. Nitakuletea flashi yenye mfumo mpya. Unaichomeka, unafuata maagizo, inawaka kama mpya."

Kesho yake Mungai alileta flashi hiyo na kumweleza vitufe vya kubonyeza. Wavinya alikimbia nyumbani. Safari hii skrini ilionyesha rangi, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Alibonyeza kitufe kimoja, kisha kingine. Halafu likaja onyo: kila kitu kilichomo kwenye diski kitafutwa. Je, ungependa kuendelea?

Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe. Alisoma onyo mara ya pili. Kama angekubali, kompyuta ingewaka, lakini baba asingekuwemo. Aliondoa mkono, akachomoa flashi, akakaa sakafuni na kulia.

Mama alimkuta hapo. Siku hiyo alikuwa ametoka kazini mapema kuliko kawaida.

"Wavinya, mwanangu, ni nini? Unaumwa?"

"Siumwi." Alijifuta machozi kwa mkono wa sweta. "Kompyuta imeharibika. Zile rekodi za Baba zimo ndani. Huwa nazisikiliza kila siku ukiwa kazini. Sikukuambia kwa sababu nilidhani utaumia."

Mama aliweka mkoba chini, akaketi kando yake akiwa bado na sare ya kazi.

"Mimi nilijua rekodi zimo," alisema. "Niliogopa kuzifungua. Nikawa nadhani wewe umeanza kusahau, nikaona nisikukumbushe."

Walikaa hivyo mpaka nyumba ikaingia giza, na hakuna aliyeinuka kuwasha taa.

Jumamosi walifunga sanduku la kompyuta kwa shuka na kulibeba hadi katikati ya jiji, kwenye duka dogo la fundi wa kompyuta aitwaye Neel. Kazi hiyo alijifunza kwa baba yake, mzee Pranlal, ambaye sasa alikuwa amestaafu.

"Karibu, Mama. Tatizo ni nini?" Neel aliuliza.

Mama alimtazama Wavinya. "Mweleze wewe. Wewe ndiye unayeijua."

Wavinya alieleza kuhusu stima na maandishi meupe. Alieleza pia kuhusu flashi, ingawa aliona aibu.

"Flashi ilipokuwa ndani, diski ilionekana?"

"Ndiyo. Iliniuliza kama nifute vilivyomo."

"Ulibonyeza?"

"Hapana."

Neel alitabasamu kidogo. "Vizuri sana. Basi diski haijafa. Na saa je? Ilionyesha mwaka gani?"

"Mwaka ambao mimi nilikuwa sijazaliwa," Wavinya akasema. "Kila nikiiwasha, inarudi hukohuko."

Neel alifungua sanduku kwa bisibisi, akang'oa betri ndogo ya duara kama kitufe cha koti. Aliipima. Ilikuwa imekwisha. Alieleza kwamba betri hiyo ndiyo huifanya mashine ikumbuke saa na mipangilio yake hata stima ikipotea. Mashine hii ilikuwa imesahau kwamba inapaswa kuanzia kwenye diski, ikawa inatafuta pa kuanzia mahali pengine. Aliweka betri mpya, akarekebisha mipangilio, akaiwasha.

Kompyuta ilinguruma. Wavinya alishika mkono wa mama. Skrini ikawa nyeusi kwa muda mrefu, kisha picha ya milima waliyoizoea ikatokea.

Wavinya alifungua rekodi moja. Baba alikohoa, akaanza kuimba. Mama alifunika uso kwa viganja, mabega yakitikisika, lakini Wavinya aliponyoosha mkono kuizima, mama alisema, "Iache, mwanangu. Iache iishe."

Ilipokwisha, Neel alinakili rekodi zote kwenye diski nyingine ndogo. "Kitu mnachokipenda kisikae mahali pamoja tu," aliwaambia. "Na wewe, Wavinya, uliposoma onyo na kusimama, uliziokoa. Mtu asiharakishe kufuta kabla ya kujua kilichoharibika."

Nje ya duka mama alisimama kando ya barabara, sanduku likiwa miguuni pao.

"Kuna jambo nami nataka kukuambia," alisema. "Wiki nzima ulihangaika na mzigo huu peke yako, na mimi nikabeba wangu peke yangu, tukiishi nyumba moja. Kunyamaza hakukutusaidia. Ukiwa na jambo linalokuumiza, niambie, hata kama unadhani nitalia. Nami nitakuambia yangu."

"Hata kama ni kuhusu Baba?"

"Hasa kuhusu Baba."

Mama akashika upande mmoja wa sanduku, Wavinya akashika mwingine. Njiani kuelekea kituoni mama alianza kumsimulia jinsi Kitavi, akiwa kijana, alivyofukuzwa kwenye kwaya yake ya kwanza kwa kuimba kwa sauti kubwa mno. Wavinya hakuwahi kuisikia habari hiyo. Alicheka mpaka ikabidi waliweke sanduku chini wapumzike.