Mkono wa Mume Wangu Juu ya Gia

Nilimwona kwa macho yangu haya mawili!

Mume wangu, kwenye kiti cha abiria cha gari lake la mbio. Kwenye usukani... mwanamke nisiyemjua, kucha nyekundu, anacheka. Na mkono wa mume wangu umelala juu ya mkono wake, juu ya gia!

Jamani, mimi nilikuwa nimepanda bodaboda, kwenye foleni, nyuma yao kabisa.

Gari lile lilikuwa mke mwenzangu. Siku ya kuliagiza, muuzaji alimsihi, "Kaka, chukua otomatiki. Bei nafuu, na inabadilisha gia haraka kuliko mkono wa mtu."

Mume wangu akacheka. "Otomatiki ya nini? Nipe manyuo, nibadilishe gia mwenyewe, nisikie gari!"

Akaongeza pesa. Paa letu linalovuja likasubiri.

Mimi sikuruhusiwa hata kuligusa.

"Hutaliweza, mama. Klachi yake ngumu kama jiwe."

Sasa huyu kaliweza vipi?!

Nikawafuata na ile bodaboda mpaka nyuma ya maghala, wakasimama. Nikavuta mlango wa dereva.

"Shuka!"

"Samahani dada, wewe ni nani?"

"Mwenye mume!"

"Mke wangu, punguza sauti..."

"Nipunguze nini? Mkono wako ulikuwa wapi?"

Yule dada akashusha pumzi. "Dada, mimi nanunua gari. Alikuwa ananionyesha gia ya tatu, inagoma."

Ananunua? Gari hili?!

"Umefukuzwa kazi?" nikamuuliza mume wangu.

Akatikisa kichwa.

"Basi shuka tuongee."

Akashika paja lake la kushoto kwa mikono miwili, akalinyanyua, akaliweka nje kama mtu anayeshusha gunia.

Nikazunguka gari nikamkimbilia.

"Tangu lini?"

"Muda... Nilidhani klachi imenichosha goti. Sasa mguu hausikii kitu. Juzi getini nimekanyaga klachi, mguu haukushuka. Gari likaruka. Mwanetu alikuwa mbele, anafungua geti... kidogo tu nimgonge. Ndiyo maana naliuza."

"Mungu wangu! Na hospitali?"

"Niliogopa wataniambia niache manyuo."

Mtu mzima na ndevu zake!

Tulikwenda hospitali mchana ule ule. Mshipa wa fahamu ulikuwa umebanwa mgongoni. Wakampasua. Daktari alisema tungekuja mapema, mguu ungerudi wote. Umerudi nusu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wangu aliumbuliwa na klachi, na nashukuru. Dada zangu, mwanaume akichechemea halafu akasema "niko poa", msikubali! Na nyie kaka zetu, hicho kiburi mnamwendeshea nani?

Ila sijatulia. Mtu aliyenificha mguu mzima, nitajuaje hanifichi kingine?

Jana mezani nilimkanyaga ule mguu wa kushoto makusudi.

"Unasikia?"

"Nasikia, mke wangu."

"Kweli?"

"Kweli."

Akatabasamu. Mimi sikutabasamu.

Nikamkanyaga tena, kwa nguvu zaidi... nikamtazama usoni.